Acha Idondoke

Waulize watu wa Kagongwa habari za Fundi, watakuambia alikuwa mkorofi. Watakuambia haambiliki, hana adabu kwa wenye nazo, na kwamba siku moja aliwatoa wageni wa watu bafuni na mapovu kichwani kwa sababu tu alikuwa na kinyongo na mwenye gesti. Lisemwalo lipo, wanasema. Mimi nasema hili halipo, na nitalisema mpaka walichoke. Nilikuwa pale. Nilikuwa msimamizi wa gesti hiyo, nikishika funguo, mashuka na daftari la wageni, na Fundi ndiye aliyetunza hita yetu ya maji kwa miaka mingi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu wameshamnyonga, haki bado.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mwenyewe ukimuuliza alikuwa anakujibu, "Unataka kunichumbia au unataka maji ya moto?" Jina lake nalijua, ila sitaliandika kwa sababu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Fundi, basi, kana kwamba waashi na maseremala wote wa mji walikuwa wanabahatisha.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na kofia yake ya kushonwa kwa mkono ilikuwa na kutu kuliko bomba. Alivaa ovaroli ya zamani aliyotoka nayo kwenye kambi moja ya wakandarasi upande wa Buzwagi, ambako alitunza maboila ya jikoni. Mikono ya ile ovaroli aliikata mwenyewe kwenye viwiko. Kifaa alichokithamini kuliko vyote kilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Aliigusisha ncha yake kwenye tanki la hita, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Hapo ole wako uongee. Mgeni wetu mmoja, mnunuzi wa dhahabu aliyezoea kuchekewa kila anachosema, alimkuta hivyo akamuuliza, "Mzee, unampigia nani simu?"

Fundi hakufumbua macho. "Nampigia koili, huyu anayekuchemshia maji. Anasema utaoga baridi mpaka Ijumaa."

Na kweli alioga baridi mpaka Ijumaa, maana kipuri kilitoka Mwanza.

Maji ya visima vyetu yana chumvi. Yakichemka yanaacha ukoko mweupe, mgumu, unaoivaa koili mpaka inaungua ndani yake. Mafundi wengine walikuwa wanauvunja kwa nyundo, koili inapasuka, unaambiwa ununue nyingine. Fundi aliilaza koili ndani ya beseni la ndimu kutwa nzima, akawa anaigeuza kila baada ya muda kwa vidole viwili. Jiko letu lilinuka achari. Siku moja mpishi alichukua ndimu mbili kutoka kwenye lile beseni akazitia kwenye kachumbari, Fundi akamfukuza nazo mpaka barabarani. Ukoko uliobanduka hakuutupa. Alimkabidhi mwenye hita mkononi, akamwambia, "Hiki ndicho ulichokuwa unakipikia umeme." Sasa niambie, tajiri gani anapenda kukabidhiwa takataka zake mbele ya wafanyakazi?

Jambo ambalo sikuwahi kulielewa ni hili: mtu huyu aliyepigania maji ya moto ya wengine, yeye mwenyewe hakuyaoga. Alfajiri ya mwezi wa saba, upepo unapasua midomo, yeye na ndoo yake ya maji ya kisima. Siku moja nilimwambia aingie chumba kisicho na mgeni aoge vizuri kama binadamu. Akakataa. "Maji ya moto ni ya mzazi, ya mgonjwa, na ya mtu mwenye dhambi nyingi, Mama Neema. Mimi bado sijafika."

Kwa matajiri alikuwa mwiba, lakini kwa masista wa zahanati moja kule upande wa Ushirombo alikuwa pamba. Walikuwa na hita kwenye wodi ya wazazi. Alipanda pikipiki akala vumbi safari nzima kwenda kuitazama hata kama haina tatizo. Saa ya kuswali alasiri ikifika, alitandika mkeka wake papo hapo kando ya tanki, na sista mmoja anasimama mlangoni kuwazuia wafagizi wasimpitie mbele. Huyo sista, Fundi alikuwa akiniambia, ndiye mteja pekee aliyemwelewa mara ya kwanza. Alimwelewa nini? Kuhusu kudondoka.

Nieleze, maana kila kitu kiko hapa. Hita kubwa ina valvu ndogo ya usalama pembeni. Maji yakipata moto yanavimba, na yakivimba yanataka nafasi. Valvu inayaachia kidogo kidogo, tone, tone, tone. Watu wanadhani hita imeharibika. Fundi alisema hita isiyodondoka ndiyo mgonjwa. "Ukiyanyima mlango," alikuwa akisema, "yatajifanyia dirisha, na dirisha hilo litakuwa ukuta wako mzima." Kwa hiyo kila hita aliyoifunga aliiandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za mkono wake zilizopinda: ACHA IDONDOKE. Chini yake aliweka ndoo. Yule sista alichukua maji ya ndoo akamwagilia mchicha, wazazi wakala mchicha, mambo yakaisha. Lakini sisi wengine? Hii ni nchi kavu. Kumwambia mtu wa huku aache maji yadondoke ni kumwambia aache ng'ombe aende zake.

Mwenye gesti yetu tulimwita Tajiri, naye alipenda. Kila asubuhi alipokuja, kabla hata ya salamu, alisimama nyuma ya jengo kuangalia ukuta. Hita iliyohudumia vyumba vyote nane ilikuwa juu ya zege pale, na matone yake yalikuwa yamechora mstari wa kijani kwenye rangi nyeupe. Fundi alikuwa ameomba afunge kibomba kiyashushe matone mpaka chini, Tajiri akasema kitaharibu sura ya nyumba. Ndoo nayo ilijaa ikamwagika.

"Mama Neema," Tajiri alikuwa akiniambia, "nilikuajiri uchunge gesti au uchunge bwawa? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Siku moja Fundi alikuwepo, akalidaka neno hilo. "Ufa na mlango ni vitu viwili, bwana mkubwa. Nyumbani kwako unaziba mlango?"

Tajiri hakucheka. Mimi nilicheka, nikajifanya nakohoa.

Sasa nifike kwangu. Mimi ni mtu wa Kishapu. Nimekua tukichota maji kwenye shimo lililochimbwa katikati ya mto mkavu. Unakaa na kata yako, unasubiri maji yajikusanye, unachota kikombe, unasubiri tena. Mama yangu akiona pipa linavuja alichonga kijiti, akakisokotea pamba mbichi kutoka shambani, akafunga kwa kitambaa, akakigongomea. Kwetu kila kitu kinachovuja tunakiziba hivyo, na kinazibika kweli. Pale gesti niliziba hivyo hivyo ndoo za kufulia na pipa la stoo, na Tajiri mwenyewe alinisifu. Kwa hiyo lile tone la hita lilikuwa linanidondokea kichwani. Nilikuwa nalisikia nikitandika vitanda. Nilikuwa nalisikia hata nikiwa sokoni, na sokoni halikuwepo.

Asubuhi moja, Tajiri ameshanisema vya kutosha, nilichukua ngazi. Nilichonga kijiti cha mgunga, nikakisokotea pamba niliyotoka nayo nyumbani, nikachana ukanda kwenye khanga yangu ya kazini, ile ya rangi ya chungwa yenye korosho, nikafunga. Nikakigongomea kwenye mdomo wa valvu kwa kisigino cha kiatu. Maandishi mekundu yalikuwa mbele ya pua yangu, ACHA IDONDOKE, nami najua kusoma. Tone likanyamaza. Kesho yake Tajiri aliuangalia ukuta ukiwa mkavu, akasema, "Umeona sasa?" Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Ulipita kama mwezi. Jumamosi moja nyumba ilikuwa imejaa wageni wa harusi, ndugu za rafiki yake Tajiri. Mama mmoja wa chumba namba tano akaja mapokezi akaniambia bomba lake la maji baridi linatema mvuke. Baridi, nasema, siyo la moto. Nikampigia simu Fundi. Alikuja na bodaboda kutoka Kahama, akapanda, akaweka bisibisi yake kwenye tanki. Safari hii hakufumba macho. Alishuka taratibu, kipago kimoja kimoja, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Neema, zima swichi kubwa. Halafu toa watu wote. Mtu yeyote asifungue bomba, la moto wala la baridi."

"Wapo wanaooga, Fundi."

"Watoke na sabuni zao."

Ndivyo walivyotoka. Mashangazi wa bibi harusi wamejifunga mataulo, mjomba mmoja ana povu masikioni, wote wamesimama chini ya jua ng'ambo ya barabara huku bodaboda wakipunguza mwendo kuangalia. Kidude cha kupima joto kinachoizima hita kilikuwa kimeganda, hita imechemka bila kuzima tangu alfajiri, na mlango wa maji ulikuwa umezibwa. Na mimi nilijua umezibwa na nani.

Tajiri alifika anafoka. Akataka apande afungue bomba mwenyewe athibitishe kwamba hakuna kitu. Fundi akasimama mbele ya ngazi na spana yake ya mabomba kifuani.

"Nipishe. Hii nyumba yangu."

"Ni yako. Na ukipanda, panda na sanda yako kabisa. Tanki likipoa nitakupisha."

"Wewe nani wa kunizuia?"

"Mimi niliyeifunga."

Alisimama hapo mpaka alasiri. Hakukaa, hakunywa maji, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akichelewesha swala. Wageni wa harusi walichoka kusubiri wakahamia gesti nyingine, na Tajiri akawa anawaangalia wakipakia mabegi. Tanki lilipopoa, Fundi alipanda peke yake, akakaa huko kitambo, akashuka mkono mmoja ukiwa mfukoni.

"Haya," Tajiri akasema, "bomu liko wapi?"

"Limepoa."

"Usinichezee akili. Umesema valvu imezibwa. Nani kaziba?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimekumbatia mataulo. Neema alikuwa kidato cha nne, na kazi ile ndiyo ilikuwa chakula chetu.

"Wewe," Fundi akasema.

"Mimi?"

"Kila asubuhi unasimama kwenye ukuta huu unadai tone lisionekane. Ulichokidai umekipata."

"Nionyeshe hicho kilichoziba, basi. Nionyeshe!"

Fundi alitoa mkono mfukoni, akaukunjua mbele ya macho yake. Mtupu. Tajiri akacheka kile kicheko cha mtu aliyeshinda kesi, akamwambia atoke na asikanyage tena pale. Fundi akaokota begi lake. Aliponipita alisema, "Kaweke ndoo, Mama Neema," akaenda zake.

Nami sikusema kitu. Ningeweza kumwokoa kwa neno moja tu, nikalimeza. Aibu hiyo sijaimaliza.

Jioni ile ile Tajiri alituma sauti kwenye grupu la simu la wenye gesti wote wa Kahama, Kagongwa na Isaka. Alisema yule mzee ni mgonjwa wa akili, anafukuza wageni kwa chuki, anabuni ubovu usiokuwepo, na asiyesikia la mkuu asije akalalamika. Gesti moja baada ya nyingine zikaacha kumwita. Wakaja mafundi wanaoziba kwa gundi na kukwangua yale maandishi mekundu. Kilichomponza Fundi ni kwamba hakuna kilicholipuka. Kingelipuka wangemwita shujaa. Hakikulipuka kwa sababu yeye alisimama pale kutwa nzima, na kwa sababu hiyo hiyo wakasema hakikuwepo.

Miaka minne nilikaa kimya. Neema akamaliza shule, akaanza kazi yake mwenyewe, nami bado kimya. Kiangazi kilichopita ndipo nilipomtafuta. Nilimkuta Kahama, pembeni ya soko, amekaa kwenye kigoda anaunda majiko ya bati. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Ile bisibisi ilikuwa imelala pembeni yake juu ya kitambaa kisafi, haina kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akageuza jicho zima upande wangu, akanisalimia kwa Kisukuma kama mama wa kwao. "Mwangaluka, mayu wa Kishapu! Bado unachunga bwawa?"

Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Yalikwisha yote. Nikasema tu, "Fundi, nimekuja kukuambia kitu. Ile hita, aliyeziba—"

"Subiri," akasema. Akavuta kopo la maziwa ya unga alimotunza nati na mipira ya koki, akapekua kwa vidole, akaniwekea kitu kiganjani. Kijiti cha mgunga. Pamba imegeuka rangi ya chai, na juu yake ukanda wa khanga ya rangi ya chungwa, nusu ya korosho inaonekana bado.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Sikujali watu wa soko.

"Ulikuwa nacho mfukoni," nikasema. "Siku ile. Ulikuwa nacho, ukaonyesha mkono mtupu."

"Ningekitoa angekijua. Pipa la stoo lilikuwa na kama hicho hicho, na mtu wa Kishapu pale ulikuwa wewe peke yako."

"Wamekuharibia jina, Fundi. Kazi yako yote."

"Wameharibu." Hakusema kwamba si kitu. Alichukua nyundo akagonga bati mara mbili, tatu. "Iliniuma, Mama Neema. Bado inaniuma. Ila yule mtu alikuwa anatafuta wa kumbebesha, na mimi nilimpa anayestahili. Wewe ulikosea. Yeye alilazimisha."

Nililia, sitaficha. Halafu nikamwambia nitakwenda kwa Tajiri na kijiti mkononi.

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

Akanitazama sana kwa lile jicho zima. "Ile valvu inadondoka?"

"Inadondoka. Ndoo ipo. Kila siku naangalia mwenyewe."

"Basi nenda," akasema, akarudi kwenye bati lake.

Jumatatu asubuhi Tajiri alikuja, akauangalia ukuta kama kawaida yake, akaingia mapokezi. Nikaweka kijiti juu ya daftari la wageni. Aliiona pamba, akauona ule ukanda, na niliona wazi kwamba amekijua.

"Niliziba mimi," nikamwambia. "Kwa sababu yako, lakini kwa mkono wangu. Alikuwa nacho mfukoni, akanificha. Sasa chukua simu yako. Kwenye grupu lile lile, kwa sauti ile ile, waambie ulimsingizia."

Akafunga mlango wa mapokezi. Akaniambia mambo hayo yamepita. Akaniambia nikae kimya niendelee na kazi, na kwamba mtu mwenye akili haamshi aliyelala. Nikamuuliza mara ya pili kama atasema au hasemi.

"Sisemi," akajibu. "Na wewe utasemea wapi?"

Niliweka funguo zote juu ya kaunta, nikachukua kijiti changu. Kabla sijatoka nilizunguka nyuma ya jengo nikaimwaga ndoo kwenye maua, nikairudisha mahali pake chini ya tone.

Ameniuliza nitasemea wapi. Nasemea hapa. Fundi hakuwa na kinyongo na mtu, na hakuna ubovu aliobuni. Watu wote wa nyumba ile walitoka salama siku hiyo kwa sababu yeye alikataa kupisha. Kijiti kilikuwa changu.